Gari Linalotengenezwa Huku Likitembea



Juma hili waamini wasiopungua watatu, mmoja wao akiwa katekista wa kigango, wametuuliza kwa nini gari la Padre lina rangi tatu. Mlango wa kushoto ni wa kijivu, boneti ina rangi nyekundu ile ya kuzuia kutu, na sehemu iliyobaki ni ya njano ya zamani iliyochoshwa na jua na mvua. Swali ni la haki. Sadaka za waamini hazigusi gari hilo, lakini waamini wana haki ya kujua padre wao anasafiri katika nini anapokwenda kuwapaka wagonjwa mafuta.

Gari lenyewe ni Datsun 160J, wa ukoo wa Violet. Kijana wa leo akiliona huona chuma chakavu. Wazee wetu huona kitu kingine kabisa: husimama, hulizunguka, na kabla hujamaliza kusalimia wamekwisha kulitaja jina la Shekhar Mehta. Mtu huyo, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally mara tano. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, gari la michezo hasa. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Mike Doughty, kwa Datsun za ukoo huu wetu. Sisi tunampenda zaidi Joginder Singh, kalasinga mzaliwa wa Kericho, ambaye mwaka 1965 alishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika katika mashindano yaliyotangulia. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Lakini hayo ni mapenzi yetu; turudi kwenye njia.

Tulipewa gari hili na familia ya mwalimu mmoja marehemu. Lilikuwa likitembea, ingawa kwa manung'uniko. Tulitafuta ushauri kwa mafundi wawili. Wa kwanza, huko Bukoba mjini, alisema lifunguliwe lote hadi mifupa, lisubiri miezi sita, kisha litatoka jipya. Wa pili, mzee mmoja wa Muleba ambaye amezishika spana tangu ujana wake, alilisikiliza likiunguruma, akafunga boneti taratibu, akasema: "Waitu Padre, gari ukilifungua lote, hutalifunga."

Maneno hayo yatamshangaza asiyeijua nchi yetu. Anayeijua atakumbuka magari mangapi ameyaona yamelala kwenye vibanja vya migomba, kuanzia Kanazi hadi Kamachumu, bila magurudumu, kuku wakitagia kwenye viti. Hakuna hata moja kati ya hayo lililotupwa. Kila moja lina mwenyewe, na kila mwenyewe alikusudia kulitengeneza lote kwa mara moja, vizuri, siku fedha za kahawa zitakapokuwa nyingi. Wengine wamekwisha kufariki, na makusudio yao yamebaki pale pale chini ya migomba.

Mzee wetu alijifunza kazi katika shule nyingine. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikuwa hazipatikani, vipuri vilikuwa adimu kama dhahabu, na petroli ilibanwa hata serikali ikakataza magari binafsi kutembea Jumapili alasiri. Fundi wa miaka ile hakuwa na nafasi ya kuliacha gari la hospitali au la shule likae miezi sita. Alitengeneza kilichowezekana leo, gari likaenda kazini kesho, likarudi kwake Jumamosi.

Basi tukakubaliana naye utaratibu. Tunafanya kazi Jumatatu tu, siku yetu ya mapumziko, katika uwanja wa nyuma ya nyumba ya mapadre. Kazi isiyoweza kumalizika siku hiyohiyo haianzwi. Jioni gari lazima liwe limefungwa na linawaka, maana usiku wowote anaweza kuja mtu kubisha hodi kwamba mgonjwa yuko katika hali mbaya.

Tulianza na sakafu. Mvua ya upande wa Bukoba, inayofikia takriban milimita 2,000 kwa mwaka, haina huruma kwa bati. Tulipoliondoa zulia upande wa dereva tuliyaona majani ya uwanja kupitia matundu. Kipande kilichooza kilikatwa, kingine kikachomelewa, kikapakwa rangi nyekundu. Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya kipande cha pili. Kabureta ilifunguliwa na kusafishwa kabla ya adhuhuri. Injini, ile L16 ya sentimita za ujazo 1,595, imetupa taabu ndogo kuliko tulivyohofia, kwa kuwa ilifungwa pia katika Datsun za aina nyingine, na mzee anajua ni gari lipi bovu, katika kijiji kipi, lina kipuri kipi. Mlango wa kijivu ulitoka kwenye mojawapo ya magari hayo ya migombani. Tuliwahamisha kuku kwa heshima.

Hata hivyo, tusidanganyane kwamba kila kitu hutengenezwa huku kikitembea. Watu wa Bukoba hatuna ruhusa ya kusahau jambo hilo. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka hapa kwetu ikapitia Kemondo, ilizama ikiwa karibu kufika Mwanza, nayo ikawachukua mamia ya watu. Ilikuwa imejaza kupita kiasi, na uyumbaji wake ulikuwa ukijulikana. Tulikuwa vijana wa seminari ndogo wakati huo, na tunakumbuka darasa ambalo madawati yake yalibaki wazi kwa siku kadhaa, wenye nayo wakiwa wamekwenda msibani. Meli ile iliendelea kutembea na kasoro isiyostahili kutembea.

Kwaresima iliyopita pedali ya breki ilianza kushuka polepole chini ya mguu wetu, ingawa hapakuwa na mafuta yaliyodondoka popote. Mzee aliikanyaga mara mbili, akazima gari, akautia ufunguo mfukoni mwake. Masta silinda ilikuwa inavujia ndani. Tulimkumbusha kwamba tuna Misa vigango viwili siku inayofuata. Alituambia bodaboda zipo. Kwa siku tisa, hadi mipira yake ilipofika kwa basi kutoka Mwanza, tulipanda bodaboda tukiwa na mafuta matakatifu kifuani na koti la mvua juu yake, na hatukuupata ufunguo ule hata kwa kumsihi.

Tumelitafakari jambo hilo zaidi ya tulivyotafakari mahubiri yetu ya Kwaresima hiyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba Kanisa ni takatifu na papo hapo linahitaji kutakaswa sikuzote. Yaani halisimami kwanza ili litakaswe, kisha liendelee na safari. Lakini Kanisa hilohilo linatofautisha dhambi nyepesi na dhambi ya mauti, na halisemi kwamba zote ni kutu tu. Kazi ngumu ya mchungaji, na ya kila anayechunguza dhamiri yake jioni, ni kujua ipi ni sakafu na ipi ni breki. Wengi wetu tunalisimamisha gari kwa ajili ya rangi, na tunaliendesha bila breki.

Mzee wetu mwenyewe hajapokea Komunyo kwa miaka kumi na moja. Ametupa ruhusa ya kuliandika hilo, mradi tusimtaje jina. Yeye na mdogo wake waligombania kibanja cha baba yao, shauri likapita kwa wazee wa ukoo, likapita barazani, na halijaisha mioyoni. Tulipomuuliza, alitujibu bila ukali: "Padre, mambo yangu yakishanyooka yote, nitarudi."

Tulijikuta mahali pagumu. Hatukuweza kumwambia kwamba hiyo ni kutu. Bwana mwenyewe, katika Injili ya Mathayo, anamwagiza mtu aiache sadaka yake mbele ya altare na kwenda kupatana na ndugu yake kwanza. Mzee anaijua Injili hiyo, na kwa namna yake ameitii nusu: amejizuia altareni. Ni breki, naye kama fundi mwaminifu ameutia ufunguo mfukoni. Lakini Injili haikusema aache sadaka akalale nyumbani. Ilisema aende, kisha arudi. Breki zetu zilichukua siku tisa kwa sababu kuna mtu aliyeagiza mipira siku ileile. Gari lililozimwa miaka kumi na moja kwa ajili ya usalama, huku hakuna aliyeagiza kipuri, liko migombani kama yale mengine.

Tulimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya, tukiwa tumekaa juu ya tairi la akiba. Hakujibu. Alijiingiza tena chini ya gari, akaomba spana namba 12.

Kazi iliyobaki ni nyingi bado. Rangi itakuwa ya mwisho, kwa hiyo waamini watuvumilie na rangi tatu hadi mwakani pengine. Jumatatu ijayo ni zamu ya giaboksi, maana gia ya pili inaruka tunapoteremka kutoka Kamachumu kwenda Muhutwe. Mzee amesema hawezi kuifungua kabla hajaisikia kwa masikio yake, na kwamba atapanda nasi Jumapili baada ya Misa ya pili. Barabara hiyo inapita mbele ya nyumba ya mdogo wake.