Hedifoni Moja kwa Kazi Mbili

Kitu cha macho huchaguliwa kwa macho, na kitu cha masikio hakina budi kuchaguliwa kwa masikio. Neno hili ni dogo na ukweli wake ni wazi, lakini vijana wengi hulisahau waingiapo dukani kununua hedifoni, yaani vile vipokea sauti vivaliwavyo kichwani. Huvutwa na rangi, huvutwa na taa zimetametazo, huvutwa na jina lililoandikwa kwa herufi kubwa juu ya sanduku. Na fedha iliyowekwa akiba kwa miezi mingi huondoka kwa dakika tano. Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi, msomaji wangu, nataka tulitazame jambo hili pole pole, tukijibu swali moja: je, kijana mwenye fedha ya kadiri aweza kupata hedifoni moja iliyo wazi, ikamfaa kwa muziki na kwa michezo ya kompyuta pia?

Kwanza yatupasa kujua maana ya hedifoni iliyo wazi. Hedifoni nyingi ni mfano wa chumba kilichofungwa madirisha. Nyuma ya kila kikombe chake pana ukuta mgumu: sauti hubaki ndani, na makelele ya dunia hubaki nje. Hedifoni iliyo wazi ni mfano wa baraza. Nyuma ya kikombe chake pana wavu au matundu. Hewa hupita, na sauti nayo hupita. Kwa kuwa sauti haigongi ukuta na kurudi sikioni, msikilizaji huona kama kwamba wapiga muziki wamekaa mbele yake na kando yake, wala hawakusongamana ndani ya fuvu la kichwa chake. Sikio nalo hupata hewa, jambo ambalo mkazi wa Mombasa au Kisumu hahitaji kuelezwa thamani yake wakati wa joto.

Chombo hiki si kipya. John Koss wa Milwaukee, Marekani, alitoa hedifoni yake ya stereo mwaka 1958. Na mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, hedifoni iliyo wazi iliyojulikana sana kwa sponji zake za manjano. Tangu siku hizo wasikilizaji wa makini wameipenda namna hii, na baadaye wachezaji wa michezo ya kompyuta wakaipenda pia.

Hapa huenda ukanipinga kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Utasema kwamba muziki ni jambo moja na mchezo ni jambo jingine. Muziki wataka utamu na uwiano. Mchezo wataka mtu ajue adui anatoka upande gani. Pingamizi lako ni la haki, lakini hebu tulichunguze. Mtu hutambuaje upande wa sauti? Mwanachuoni wa Uingereza, Lord Rayleigh, alilieleza jambo hili mwaka 1907. Sauti itokayo kulia hulifikia sikio la kulia kabla ya la kushoto, na tofauti hiyo, hata iwapo kubwa kabisa, ni kama sehemu saba tu katika elfu kumi za sekunde. Kadhalika sauti hiyo huwa na nguvu zaidi katika sikio lililo karibu nayo, kwa sababu kichwa huikinga kufika upande wa pili. Kwa tofauti hizi ndogo, na kwa msaada wa mikunjo ya sikio la nje, akili hupiga hesabu na kusema: nyayo zile zi nyuma yangu, upande wa kushoto.

Sasa fikiri juu ya taarabu. Udi uko hapa, kanuni iko pale, fidla ziko kule, na mwimbaji yu katikati. Ukitaka kukisikia kila chombo mahali pake pasipo kimoja kukifunika kingine, wahitaji uwezo ule ule: hedifoni itenganishe vitu vidogo bila ya kuvichanganya. Katika benga, ambamo gita huiga mapigo ya nyatiti, hali ni hiyo hiyo. Kwa hiyo methali ile ni ya kweli, lakini haiamui kesi hii. Kazi ni mbili, na msingi ni mmoja.

Kutokana na msingi huo twapata onyo la kwanza. Mara nyingi utaona sanduku limeandikwa kwamba hedifoni yatoa sauti pande saba au zaidi. Usitoe fedha nyingi kwa ajili ya maneno hayo. Mtu ana masikio mawili, na kwa kawaida kila kikombe kina kitoa sauti kimoja tu. Sauti ya pande zote hutengenezwa kwa hesabu ndani ya kompyuta au ndani ya mchezo wenyewe, na hesabu hiyo yaweza kusikika vizuri katika hedifoni yoyote njema ya stereo.

Onyo la pili lahusu tabia. Hedifoni zina tabia kama watu. Beyerdynamic DT 990 Pro, kwa mfano, hujulikana kwa kuziinua sauti nyembamba. Mchezaji hufurahi, kwa kuwa mchakacho wa mguu juu ya changarawe humjia waziwazi. Lakini mtu apendaye rekodi kongwe, kama zile alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, aweza kuudhiwa, kwa kuwa mkwaruzo wa sahani nao huinuliwa pamoja na sauti ya mwimbaji. Sennheiser HD 560S, iliyotoka mwaka 2020, imeelekea zaidi upande wa uwiano, wala haikuundwa kumfurahisha mtu atakaye besi ya kutikisa kifua. Kwa jumla hedifoni iliyo wazi si rafiki wa besi kubwa, kwa sababu hewa ikipita, nguvu ya sauti nene nayo hupungua. Ajuaye hili kabla ya kununua hatanung'unika baada ya kununua.

Onyo la tatu ni la umeme. Kila hedifoni ina ukinzani wake, nao hupimwa kwa omu. DT 990 Pro inayojulikana sana ni ya omu 250. HD 560S ni ya omu 120. Philips SHP9500 ni ya omu 32. Omu nyingi si ubora, wala chache si unyonge. Lakini hedifoni ya omu 250 ikichomekwa katika simu ndogo, yaweza kunong'ona pale ilipopaswa kusema. Mwenyewe atahitaji amplifaya, na amplifaya ina bei yake. Basi usipige hesabu ya hedifoni peke yake. Piga hesabu ya hedifoni pamoja na kila kitu itakachodai nyuma yake.

Mimi nililijua uzito wa mambo haya nyumbani kwetu. Mdogo wangu na mimi tunalala chumba kimoja, na chumba cha pili ni cha bibi yetu, mzee ambaye usiku huhitaji maji au dawa, naye hana njia ya kutuita ila sauti yake. Mdogo wangu aliweka akiba kwa kuuza mayai. Mimi niliweka akiba kwa kuwafundisha watoto hesabu wakati wa likizo. Fedha ya kila mmoja haikutosha kitu, ila ya wawili ilitosha kimoja.

Yeye alitaka hedifoni iliyofungwa, yenye taa na maikrofoni. "Kaka," akaniambia, "mchezo usio na maikrofoni ni nusu ya mchezo." Sikumdharau, maana alisema kweli: katika mchezo wa kundi, asiyeweza kuwajibu wenzake ni mzigo kwao. Lakini wiki ile alikuwa ameazima hedifoni ya namna hiyo kwa rafiki yake, na usiku mmoja bibi aliita mara tatu asimsikie. Mimi nilikuwa uani. Nilipoingia nilimkuta bibi ameshika ukuta, akijaribu kwenda jikoni peke yake gizani. Hakuanguka, tulishukuru. Asubuhi hakutugombeza, alisema tu, "Wajukuu wangu, mkiziba masikio, nipeni mimi kengele."

Neno hilo lilimaliza ubishi wetu. Tulinunua hedifoni iliyo wazi ya bei ya kati, na kwa fedha iliyobaki tukanunua maikrofoni ndogo ya kubana katika ukosi wa shati. Sasa bibi akiita huitikiwa papo hapo, hata katikati ya wimbo au ya vita vya mchezo. Lakini haki yataka niseme na upande wa pili. Mlango unaoingiza sauti ya bibi ndio unaotoa sauti ya mchezo, na mtu aliyelala kitanda cha pili huisikia. Kwa hiyo tumewekeana sheria: mmoja wetu akishalala, hedifoni hutundikwa msumarini. Uwazi una faida zake, na una adabu zake.

Nimekusimulia haya, msomaji, si kwa kutaka ununue kama tulivyonunua sisi, bali ili ujue kwamba swali la kwanza si hedifoni ipi iliyo bora. Swali la kwanza ni hili: utaitumia wapi, na ni nani aliye karibu nawe? Ukisafiri kila siku kwa matatu, hedifoni iliyo wazi haikufai. Ngurumo ya injini itaingia, na abiria wenzako watalazimishwa kusikiliza usichowauliza kama wanakipenda. Ukilala katika bweni la wanafunzi arobaini, haikufai pia. Lakini ukiwa na mahali palipotulia, na watu ambao sauti zao hutaki zikupite, yaweza kukufaa kuliko nyingine zote.

Iko sababu kubwa zaidi ya kupenda mahali palipotulia. Mtu aliye penye makelele huongeza sauti ili ayashinde, na masikio yake hulipa gharama. Shirika la Afya Duniani limetoa kipimo: sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki, ikifika desibeli 90, muda ulio salama hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Ndani ya sikio zimo seli zenye vinywele vidogo mno zinazopokea mitetemo ya sauti. Seli hizo zikifa, mwilini mwa binadamu hazioti tena. Hedifoni ikivunjika hununuliwa nyingine. Sikio halina duka.

Sasa tuje kwenye bei. Kwa bei ya kati nina maana ya hedifoni zinazouzwa kama dola 100 hadi 250 za Marekani. HD 560S ilipotoka ilikuwa karibu na dola 200. Kwa kijana wa kwetu hiyo si fedha ndogo, na hakuna aibu kusema hivyo wala kungoja. Chini ya kiwango hicho vipo vyombo vizuri, ila yataka subira kuvitafuta. Juu yake, kila shilingi unayoongeza hukununulia tofauti iliyo ndogo kuliko ile ya kwanza. Fedha ya katikati ndiyo ifanyayo kazi nyingi.

Ukipata nafasi ya kujaribu, jaribu kwa utaratibu. Chukua nyimbo tatu unazozijua kwa moyo: mmoja wa sauti ya mtu, mmoja wa ngoma nene, na mmoja wenye vyombo vingi. Sikiliza nyimbo hizo hizo katika kila hedifoni, na usawazishe nguvu ya sauti, kwa sababu sikio hudanganyika upesi: iliyo na sauti kubwa zaidi huonekana kuwa njema zaidi, hata kama sivyo. Kisha weka mchezo, fumba macho, na umwombe mwenzako aongoze. Wewe onyesha kwa kidole nyayo zatoka wapi. Baada ya hayo iache hedifoni kichwani kwa nusu saa. Ikibana utosi, ikichoma sikio, au ikisukuma miwani yako, irudishe, hata ikiimba vizuri namna gani. Mwisho tazama kama waya wake huchomoka na kama sponji zake hubadilika, kwa maana hivyo ndivyo vifavyo kwanza. Wala usiuonee haya waya. Sauti ipitayo hewani kwa Bluetooth aghalabu huchelewa kidogo. Katika wimbo hutaona, lakini katika mchezo adui huwa ameshapita ndipo unasikia mguu wake. Waya hauna uchelewaji huo.

Hivyo jibu la swali letu ni ndiyo, lakini ni ndiyo yenye masharti. Hedifoni moja iliyo wazi yaweza kuzitumikia kazi mbili, ikiwa mwenyewe ametazama nyumba yake kabla ya kulitazama duka, amepima mfuko wake kabla ya kulipima jina, na ameyaheshimu masikio yake kuliko fahari yake. Kijana achaguaye namna hii atakuwa amejifunza zaidi ya kununua hedifoni. Siku moja atachagua kazi, atachagua marafiki, atachagua mahali pa kuishi; na katika kila uchaguzi ataulizwa maswali yale yale, nini ataingiza, nini atatoa, na nani atakayeathirika kwa uchaguzi wake.