Rangi Juu ya Ila

Ndugu Waislamu, mjukuu wangu alinijia kukopa fedha anunue pikipiki ya mbio iliyokwisha tumika, Kawasaki Ninja ya 250. Nikampa. Rangi yake iling'ara kama kioo, nami, mzee wa kitabu, nikahadaika nayo.

Kitu cha kwanza alichoongeza kijana ni bomba la moshi la kishindo. Breki hakuziangalia! Fundi alipovua plastiki za ubavuni tukaona fremu iliyovunjika ikachomelewa. Matairi yaliandikwa 0912, yaani wiki ya 9 ya mwaka 2012. Sharia humpa mnunuzi haki ya kurudisha chenye ila, lakini muuzaji hakuonekana tena.

Mjukuu akasema, "Babu, tuipige rangi tuiuze kama tulivyouziwa."

Wallahi, nilinyamaza kitambo. Fedha zile zilikuwa akiba yangu ya Hija. Kisha nikakumbuka kisa ninachowasomesha watoto kila mwaka: Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumerowa, akamkemea muuzaji. Je, rangi yetu si ile nafaka kavu ya juu?

Tukaiuza vipande vipande, kila kimoja na ila yake ikatajwa. Fremu tukaikata kwa msumeno, asije akaipanda mtoto wa mwenzetu. Tukapata chini ya nusu ya fedha zetu. Iliyobaki, Inshallah, tutaikuta mbele ya haki.