Moto ambao si mungu

Kambo yetu hakupenda mutu ateme mate mu moto. Katekista akamwita mupagani, na mama akalia.

Niliposoma juu ya dini ya Zarathustra, nabii wa Uajemi wa zamani, nikamukumbuka. Nao, watu banasema wanaabudu moto. Hapana! Wanaabudu Ahura Mazda. Moto ni alama ya mwanga na ukweli wake. Padri wao hufunika mdomo, pumzi isiuchafue. (Kambo angefurahi.) Mutu anachagua mwenyewe: mawazo mema, maneno mema, matendo mema.

Wengine walihamia India, wakaitwa Waparsi. Mwaka 2011 walihesabiwa huko 57,264 tu, na wengi wao hawapokei wageni katika dini. Mu Udvada, Gujarat, mapadri wangali wanalisha moto wao kuni, mara tano kwa siku.