Mikono Iliyo Ndani ya Kikombe

Katika parokia zetu za Katanga, divai ni kitu kidogo. Hufika ndani ya chupa kutoka nchi za mbali. Msakristia hupima kiasi chake, padri huitia tone la maji, nasi hupiga magoti. Kanuni ya 924 ya Sheria ya Kanisa inadai iwe divai ya asili, iliyotokana na mzabibu, na isiyoharibika. Hata hivyo wengi wetu tumeota mvi bila kuuona mzabibu kwa macho. Mahindi, mihogo na michikichi tunavijua kwa jembe. Mzabibu tunaujua kwa Injili tu. Kwa sababu hiyo, nilipojaliwa kusafiri hadi Cape Town kumwona mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi huko tangu miaka mingi, nilimwomba jambo moja: anifikishe penye shamba la mizabibu.

Alinipeleka Groot Constantia, kwenye miteremko iliyo nyuma ya Mlima wa Meza, inayotazama ghuba ya False Bay. Ulikuwa mwezi wa pili, wakati wa mavuno katika nchi ile. Mizabibu ilisimama kwa safu zilizonyooka, mifupi kuliko nilivyoiwazia, ikimfikia mtu kifuani, na upepo wa baharini ulipita juu yake bila kukoma. Mama aliyepewa kazi ya kuwaongoza wageni alitueleza kwamba upepo huo ni baraka ya mahali pale: jua huziivisha zabibu, na ubaridi huzizuia zisiive kwa pupa, hivyo utamu na uchachu wake hukua pamoja.

Kisha akatusimulia historia. Mwaka 1652 Kampuni ya Kiholanzi ya India Mashariki iliweka kituo chake kwenye Rasi ya Tumaini Jema, ili meli zake zipate maji, mboga na nyama. Mwaka 1659 divai ya kwanza ilikamuliwa huko. Mwaka 1685 mkuu wa kituo hicho, Simon van der Stel, alipewa ardhi ile, akapanda mizabibu na kujenga nyumba. Baada ya kifo chake mwaka 1712 shamba liligawanywa, na sehemu yenye nyumba ikaitwa Groot Constantia. Mwaka 1778 lilinunuliwa na Hendrik Cloete, aliyelifufua, akajenga ghala la divai la mwaka 1791 ambalo lingali limesimama, na nakshi za mchongaji Anton Anreith zikipamba upande wake wa mbele. Divai tamu ya Constantia, iliyotokana na zabibu zilizoachwa mtini hadi zikasinyaa, ilifika mezani kwa wafalme wa Ulaya. Napoleon aliinywa alipokuwa kifungoni katika kisiwa cha Saint Helena. Jane Austen aliitaja katika riwaya yake Sense and Sensibility kama dawa ya moyo uliojeruhiwa na mapenzi. Mwisho wa karne ya 19 sifa hiyo ilififia. Mwaka 1885 serikali ya koloni ililinunua shamba, na katika miaka hiyohiyo mdudu aitwaye filoksera, anayeshambulia mizizi ya mizabibu, akaingia nchini na kuangamiza mashamba mengi.

Wageni wenzetu waliandika majina na miaka. Mpwa wangu hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameinama kwenye shina moja, akikigeuza kishada cha zabibu kwa vidole viwili.

“Mjomba, tazama,” aliniambia. “Kikonyo unakikata hapa, karibu na tawi. Ukikimbilia, mkasi unakula kidole.”

Akanionyesha kovu kwenye kidole chake cha shahada. Msimu mmoja, kabla hajapata kazi nyingine, alivuna zabibu katika shamba fulani la bara, mbali na mji. Nilijua kwamba aliwahi kuteseka; kazi yenyewe sikuijua. Nikamwuliza ilikuwaje.

“Asubuhi ni mgongo, Mjomba. Jioni ni vidole, havikunji. Unakula kwa kijiko kama mtoto.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya nimgeukie mama yule na kumwuliza: mizabibu ya kwanza ya shamba hili ilipandwa na nani? Si nani aliyemiliki, bali nani aliyepanda? Hakulikwepa swali. Alitupeleka katika nyumba kubwa ya kale yenye kuta nyeupe, ambayo sasa ni makumbusho, na ambamo maisha ya watumwa wa Rasi yameelezwa waziwazi.

Wataalamu hukadiria kwamba kati ya mwaka 1652 na 1808 watu wapatao 63,000 waliletwa kwenye Rasi wakiwa watumwa. Walitoka India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na pwani ya Afrika ya Mashariki, hasa Msumbiji. Huenda kati ya hao wa mwisho walikuwapo waliofahamu lugha hii ninayoiandika. Majina yao yalivuliwa. Wengi waliitwa kwa jina la mwezi, Februari au Septemba, likafuatiwa na jina la nchi walikotolewa. Hao ndio waliochimba mashimo, wakapanda, wakapogoa, wakavuna na kukanyaga zabibu. Tena bibi mzaa mama wa Simon van der Stel mwenyewe alikuwa Monica, mwanamke wa India aliyekuwa mtumwa kabla ya kupata uhuru. Mjukuu akawa bwana wa watumwa. Uhuru ulitangazwa kwenye Rasi tarehe 1 Desemba 1834, lakini waliokombolewa walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wao hadi mwaka 1838, kwa jina la uanagenzi.

Tulipotoka humo tuliingia kwenye chumba cha kuonjea. Kuna utaratibu wake: kwanza unaitazama divai kwenye mwanga, unaizungusha kidogo ndani ya glasi, unainusa, ndipo unaionja kwa kuitembeza kinywani. Kando ya meza kuna chombo cha kutemea, maana mwenye kuonja divai nyingi hawezi kuzimeza zote. Kwetu sisi kutema kinywaji ulichokaribishwa ni kumtusi mwenye nyumba, na nilimwona mpwa wangu akificha kicheko. Tulipewa divai tano, na ya mwisho ilikuwa ile tamu, ambayo leo wanaiita Grand Constance. Ilikuwa na rangi ya asali ya msituni, nzito, yenye harufu ya maganda ya chungwa.

Mpwa wangu alisogeza glasi yake pembeni. “Wewe onja, Mjomba. Mimi harufu inanitosha.”

Sikumbembeleza. Baba yake, shemeji yangu, alikuwa fundi mwashi mwenye mikono ya dhahabu, na lutuku ilimmaliza kabla hajafikisha miaka 50. Wanaoishi katika mitaa yetu wanaijua lutuku, pombe kali ipikwayo kwa mahindi na mihogo, na wanajua inavyoanza: glasi moja baada ya kazi, kisha glasi moja kabla ya kazi, kisha glasi bila kazi. Dada yangu alibaki mjane na watoto wanne. Kijana huyu, mkubwa wao, aliondoka nyumbani kwa sababu hiyo hasa.

Na hapa historia ya nchi ile ya mizabibu inagusa kidonda chetu. Kwa vizazi vingi wenye mashamba wa Rasi waliwalipa vibarua sehemu ya ujira wao kwa divai ya hali ya chini, wakiwagawia vikombe mara kadhaa kwa siku, kuanzia asubuhi. Desturi hiyo iliitwa dop. Ilianza zama za utumwa, ikaendelea baada yake. Sheria iliipiga marufuku katika miaka ya 1960, lakini katika mashamba mengine ilidumu hadi miaka ya 1990. Ilikuwa mbinu kamili: divai iliyokosa mnunuzi ilipata matumizi, na kibarua aliyezoea kikombe hakuweza kuondoka. Matunda yake yanaonekana hadi leo, maana katika baadhi ya jamii za jimbo hilo uchunguzi umegundua viwango vya watoto waliodhuriwa na pombe tangu tumboni mwa mama zao ambavyo ni miongoni mwa vikubwa kuliko vyote vilivyopata kuandikwa duniani.

Ndugu msomaji, sikusudii kuilaani divai. Bwana wetu alifanya ishara yake ya kwanza huko Kana, arusini, ili furaha ya watu isikatike, na usiku wa mwisho alichagua kikombe hichohicho. Nilionja divai ile tamu, nikaimeza, nami nakiri kwamba ni nzuri. Lakini nilielewa kwamba wema wa divai hautoki katika zabibu peke yake. Divai ileile inaweza kuwa sadaka, na inaweza kuwa mnyororo. Kinachotofautisha ni namna ulivyomtendea mtu aliyeivuna.

Sisi pia tunayo desturi ya kinywaji na kazi. Mwenye shamba huwaita majirani kupalilia, na jioni wote huketi kwenye mtungi. Desturi hiyo ni njema, kwa kuwa aliyeitwa anaweza kukataa, na kesho mwenye shamba naye atakwenda kupalilia kwa mwenzake. Lakini tujihadhari inapogeuka. Nimewaona watu wanaomwita kijana awafyatulie matofali siku nzima, kisha wanamwekea chupa mezani badala ya fedha, wakijiita wakarimu. Wazee wetu waliofanya kazi migodini waliujua uzito wa poso, unga na chakula kilichogawiwa familia kila juma. Ingawa ilitoka kwa mkoloni, mtoto alishiba nayo. Kikombe cha dop hakikumfikia mtoto ila kama ugonjwa.

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 20, mwenye shamba la mizabibu anawaita vibarua saa mbalimbali za siku. Kwa miaka mingi nimeusikia mfano huo ukihubiriwa kwa ajili ya wale wa saa ya mwisho. Sasa naona pia jambo ambalo limekaa pale wazi: yule bwana alikuwa na mizabibu tele, naye hakumlipa mtu kwa divai. Ilipofika jioni, alimpa kila mmoja dinari mkononi, ujira wa siku nzima, wa kupeleka nyumbani.

Mapambano hayo hayajaisha huko kusini. Mwishoni mwa mwaka 2012 vibarua wa mashamba ya jimbo lile waligoma, na kuanzia tarehe 1 Machi 2013 kima cha chini cha mshahara wao kikapandishwa kutoka randi 69 hadi randi 105 kwa siku. Mpwa wangu alinitajia hesabu hiyo tukiwa njiani kurudi, kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa ya ndugu yake.

Kila mmoja wetu ana shamba lake: wengine lina matofali, wengine mahindi, wengine ni msichana anayefua nguo nyumbani. Jumamosi, kabla jua halijazama, huyo apewe fedha yake mkononi, kamili. Jumapili ndipo tupeleke divai altareni.