Shimo Letu Sote, Tairi la Dereva

Wanachuo wenzangu, kuna gharama moja ambayo haionekani kwenye simu unapomlipa dereva wa taksi ya mtandao. Ni gharama ya shimo. Abiria analipia umbali na muda. Tajiri mwenye gari anasubiri hesabu yake jioni. Tairi likipasuka njiani, katika makubaliano mengi ninayoyafahamu, hilo ni la dereva.

Nayafahamu kwa sababu kaka yangu ni dereva. Anaendesha IST ya mtu hapa Dar es Salaam, hesabu shilingi 25,000 kwa siku, mafuta juu yake, pancha juu yake, tairi juu yake. Bumu likichelewa, yeye ndiye anayenitumia hela ya kula. Kwa hiyo tairi la mbele kushoto likitoa nundu huko barabarani, mimi huku hosteli nahamia kwenye wali maharage wiki nzima. Silalamiki. Nataka tu ujue kwa nini binti anayesomea ualimu wa Fizikia na Hisabati amekaa anaandika habari za matairi.

Tuanze na hiyo nundu. Sehemu ya tairi inayokanyaga chini ni nene na ina mikanda ya waya ndani. Ubavu wake ni mwembamba, umeshikwa na nyuzi tu. Gari likitumbukia shimoni, ukingo wa shimo unausukuma ubavu hadi ubanwe kati ya lami na rimu. Nyuzi zinakatika, mpira wa nje unabaki. Upepo unapenya pale penye udhaifu, na ubavu unavimba kama shavu la mtoto mwenye pipi. Tairi la namna hiyo halizibwi. Pancha ndogo ya msumari kwenye kukanyagia inazibika, lakini ubavu uliovimba unaweza kupasuka saa yoyote, hasa gari likiwa kwenye mwendo. Fundi akikwambia "linatembea tu hilo, dada," mwambie ahsante, kisha tafuta tairi lingine.

Masika iliyopita kaka alipoteza matairi matatu. La tatu lilipokufa, tajiri akamuuliza kama ana macho. Swali lile liliniuma kuliko bei ya tairi. Mvua ikishanyesha, shimo la kina cha kiganja na lile la kina cha goti yote yanaonekana dimbwi moja. Huwezi kumkwepa bodaboda wa kulia, bajaji wa kushoto, na shimo usiloliona katikati. Hapo macho yanasaidia nini?

Kaka hakubishana. Alinunua daftari la kurasa chache, akaniambia, "Mwalimu, nichoree jedwali." Tukaweka safu: tarehe, barabara, tairi lipi, limeharibika vipi, limegharimu kiasi gani. Upande mwingine akaandika alichokifanya yeye: upepo umepimwa lini, matairi yamekaguliwa lini. Baada ya wiki kadhaa akampelekea tajiri. Walizungumza muda mrefu, wakafika hapa: tairi likiisha kwa uzembe, mfano kutembea bila upepo wa kutosha, ni la dereva; likiharibiwa na shimo huku daftari linaonyesha gari linatunzwa, wanagawana nusu kwa nusu. Si ushindi mkubwa, lakini tairi la shilingi 130,000 limekuwa la 65,000 kwake, na hakuna tena anayeulizwa kama ana macho.

Utunzaji wenyewe hauhitaji digrii. Kwanza, upepo. Kiwango sahihi kimeandikwa na mtengenezaji wa gari, mara nyingi kwenye kibandiko pembeni ya mlango wa dereva. Namba ya upepo iliyo ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu, usijaze kwa kuifuata hiyo. Pima asubuhi, kabla gari halijatembea, maana tairi likipata joto upepo hutanuka na kipimo kinakudanganya. Upepo ukiwa mdogo, rimu inakaribia ukingo wa shimo. Ukizidi, tairi linakuwa gumu na kulipokea pigo lote bila kunesa.

Pili, mwendo. Hapa ndipo ile fizikia ya sekondari inapolipa. Nishati ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, kwa hiyo ukishuka kutoka kilomita 60 kwa saa hadi 30, nishati haibaki nusu, inabaki robo. Shimo ukiliona huna pa kulikwepea, punguza mapema, halafu achia breki kabla tairi halijaingia. Breki ikishikwa, uzito wa gari unalalia mbele, springi zinabanwa, na tairi linaingia shimoni likiwa halina pa kunesea.

Tatu, umbo la tairi. Soma ubavuni: 185/65R15 maana yake upana ni milimita 185, na kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 120. Wanaopenda rimu kubwa na tairi jembamba wanapunguza huo mto wa mpira. Gari linapendeza kweli, lakini rimu inabaki karibu na shimo. Ukinunua tairi la mtumba, tazama pia tarakimu nne za mwisho za kodi inayoanza na DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira ukizeeka hukakamaa na kupasuka nyufa, hata kama haujawa kipara.

Na ukishapiga shimo kwa nguvu, simama mahali salama ukague. Gusa ubavu wa nje, chungulia na wa ndani. Siku zinazofuata, usukani ukivuta upande au ukitetemeka, peleka gari likapimwe alaimenti, balansi na rimu. Ukipuuza, tairi litalika upande mmoja na utanunua mengine mapema.

Lakini dereva hata akifanya yote haya, amefanya nusu. Shimo huanza na ufa. Maji yanaingia kwenye ufa, yanalainisha udongo chini ya lami, magari yanapita juu yake, lami inadidimia na kumeguka. Maji hayo yanakaa barabarani kwa sababu mtaro umeziba, na nenda kaangalie mtaro wa nyuma ya hosteli zetu umezibwa na nini. Chupa za maji na vifungashio vya chipsi. Dereva hakuvitupa yeye.

Kwa hiyo ukipanda gari mvua ikinyesha na dereva akatembea taratibu, usimwambie akanyage mafuta una mtihani. Toka mapema. Mkiwa watano, agizeni magari mawili au mpande daladala, maana IST imebuniwa kwa watu watano akiwemo dereva. Chupa yako shuka nayo. Mwenzio anapigia hesabu ya jioni, na huenda kuna mtu hosteli anasubiri hela ya kula.