Baridi ya Limuru na Pumzi za Mtoto

Ukipanda matatu kutoka Nairobi mwezi wa Julai, jua kwamba Limuru itakulaki kwa ukungu. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na majani chai, yaliyopandwa hapa kwa mara ya kwanza nchini mnamo 1903, huloa umande tangu alfajiri.

Nyanya mmoja alinikaribisha jikoni. Kuni zilifuka moshi, dirisha limefungwa. Mjukuu wake wa miezi minane alikohoa ndani ya mablanketi matatu.

"Ni baridi tu, mwanangu. Akipata joto atapona."

Wengi huamini hivyo. Lakini nimonia huletwa na viini, nao moshi huyadhuru mapafu machanga.

"Moshi?" akacheka. "Nimelea sita kwa moshi huu!"

Nilimsihi amfunue mtoto. Tukahesabu pumzi kwa saa yangu: 58 kwa dakika moja. Mtoto wa umri huo akifikisha 50, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, apelekwe hospitali bila kukawia.

Nyanya hakucheka tena. Alimfunga mjukuu mgongoni, tukateremka hadi zahanati. Alipewa dawa, na muuguzi akauliza kuhusu chanjo ya nimonia, ambayo watoto wachanga wamekuwa wakipewa nchini tangu 2011.

Jioni nilipokuja kuaga, mtoto alikuwa amelala chumba cha pili, mbali na meko. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi.