Sheni ya moto yangu na ujumbe uliochelewa

Wasikilizaji wa Bulambika wananiuliza kila mara: bwana mwandishi, kwa nini kila Jumamosi asubuhi unakaa chini ya mti wa avoka, mikono myeusi kama fundi, na mafundi wako wengi hapa Bunyakiri? Nimekuwa nikijibu kwa mzaha. Leo nijibu kweli, maana jibu linahusu pia familia zilizokimbia vita, zile zinazonipa ujumbe niufikishe kwenye redio.

Moto yangu ni TVS ya 125. Niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na miaka ya kwanza sikuigusa. Niliwasha, nikapanda, ikilia vibaya nikaipeleka garaji. Nilisoma uandishi wa habari, sikusoma mekanike. Ndivyo nilivyokuwa nikijisemea.

Siku moja nilikuwa Hombo. Familia zilikuwa zimefika kutoka upande wa Walikale, zinalala katika madarasa ya shule. Mama mmoja alinishika mkono. Kijana wake wa miaka nane alipotea njiani usiku, pale risasi zilipoanza kulia na watu wakatawanyika. Alikuwa amesikia kwamba mtoto alionekana na shangazi yake upande wa Bulambika. Nikawasha kinasa sauti. Akataja jina la mtoto, jina la baba, kijiji, rangi ya shati, halafu akasema: "Mama yako niko Hombo, ku masomo. Usitoke pale uko." Siku hiyo hakukuwa na rezo ya simu hata kidogo. Sauti ile ilipaswa kufika Bulambika mkononi mwangu kabla ya saa moja ya jioni, saa ya matangazo ya watu wanaotafutana.

Sasa niungame. Sheni ilikuwa ikilia tangu mwanzo wa juma. Kra, kra, kila nikipanda mlima. Nilisikia, na nilijua ni sheni. Nilijiambia nitaikaza Jumamosi. Katikati ya njia, kwenye mlima wa matope, nikatia gaz ili nisirudi nyuma, sheni ikakatika na kujikunja kando ya gurudumu kama nyoka aliyepigwa. Sikuwa na kle, sikuwa na kiungo cha akiba, sikuwa hata na kipande cha waya. Mvua ikaanza. Nikasukuma mpaka kijiji cha karibu, giza likanikuta pale, na kila mtu anajua kwamba usiku barabara yetu haipitwi. Kinasa sauti sikuthubutu kumpa mtu nisiyemjua.

Ujumbe ulisikika kesho yake jioni. Shangazi, tulikuja kujua baadaye, alikuwa akisikiliza redio kila siku. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa amechukua njia ya Miti pamoja na mtoto, kwenda kutafuta ndugu huko Bukavu. Mtoto alipatikana, Mungu asifiwe, lakini mama yake alingoja siku 19.

Hakuna aliyenilaumu. Mama mwenyewe alisema ni vita. Mimi nilijua ni sheni.

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa mzee mmoja fundi, si kwa kutengenezewa bali kwa kufundishwa. Alicheka sana, halafu akanipa kopo la kukalia. "Papa," akaniambia, "moto haikufake tu hivi. Inasemaka siku mingi. Ni weye hausikie."

Alianza na sheni, bila shaka kwa kunichoma kidogo. Sheni ukiisukuma kwa kidole katikati, icheze kama upana wa vidole viwili. Ikilegea zaidi inaruka meno, na ikiruka mlimani inakatika. Mimi nikafikiri basi niikaze kabisa kama waya wa gitaa. Akanipiga kofi la mkono. Ukiwa umepakia mtu na mfuko wa mihogo nyuma, gurudumu linapanda juu na sheni inavutika zaidi. Ile iliyokazwa sana inakula gololi za gurudumu na kujila yenyewe. Halafu uigeuze pole pole, uoshe matope kwa brosi na mafuta ya taa, uipake mafuta upande wa ndani, kwa sababu ikizunguka mafuta yanatoka nje yenyewe. Na uangalie meno ya gurudumu la nyuma: yakiwa yamepinda kama ndoano, sheni mpya itakufa mapema, umetupa pesa.

Somo la pili lilikuwa buji. Hili ndilo nilipenda kuliko yote. Ukiifungua, inakusomea habari za moteri kama jarida. Ncha ikiwa na rangi ya kahawa, moteri iko vizuri. Ikiwa nyeusi yenye masizi makavu, inakula esanse nyingi au filtre ya hewa imeziba vumbi. Ikiwa nyeupe, inapata joto kupita kiasi, simama utafute sababu kabla haijaungua. Nafasi ya ncha nilidhani inapimwa kwa chombo cha dukani. Mzee akachukua kipande cha msumeno wa kukatia chuma, akakipitisha pale: kikipita kwa kukwaruza kidogo, inatosha. Kipande hicho ninacho mpaka leo.

Ndipo nikaelewa jambo lililonisumbua miaka mingi. Kila nikienda Bukavu, kilomita karibu 80, barabara inapanda ndani ya Parki ya Kahuzi-Biega, na karibu na Tshivanga uko juu ya mita 2,000. Pale moto yangu ilikuwa ikikosa pumzi, inatoa moshi mweusi, na mimi nikimlaumu aliyeniuzia. Kumbe huko juu hewa ni nyepesi, na karbirateri inaendelea kutoa esanse ile ile ya huku chini. Moteri inalewa. Kama filtre nayo ni chafu, inazima kabisa, na ndani ya parki hakuna nyumba ya kubisha hodi. Tangu hapo sipandi kabla ya kuosha filtre.

Kuhusu esanse yenyewe, wengi wetu tunanunua kwa kadafi kando ya barabara. Sisemi mtu. Nasema tu: omba ichotwe katika chupa inayoonyesha, uiache itulie dakika chache. Maji ni mazito kuliko esanse, utayaona yamekaa chini. Ukikosea, skurubu ndogo iko chini ya karbirateri. Ilegeze, kikombe kimwagike, uikaze. Nimefanya hivyo mara tatu mvuani na moto ikawaka.

Na ndugu zangu wamotari, hapa ninawagombeza. Ile desturi ya kuzima moteri mkiteremka ili kubana esanse! Mnabaki na freni peke yake, na freni za ngoma zikipata joto au zikitoka kuvuka maji hazishiki. Wekeni vitesi vya chini, moteri yenyewe iwazuie. Mkitoka majini, gusa freni kidogo kidogo mita chache mpaka ikauke. Esanse mnayobana haitoshi kununua plasta ya mguu wa abiria.

Siku hizi mfuko wangu wa kazi una kinasa sauti, betri, daftari, na upande wa pili kle mbili, buji ya akiba, kipande cha msumeno, pampu, viraka na gundi, na viungo viwili vya sheni nilivyofunga ndani ya kipande cha tyubu visipate kutu. Wenzangu wa Bukavu wananicheka kwamba nanuka garaji nikienda kuhoji wakubwa. Ni kweli nanuka. Mafuta ya moteri nabadilisha mapema kuliko nilivyoambiwa na muuzaji, kwa kuwa matope na milima yetu hayumo katika kitabu chake. Moteri ikihitaji kupasuliwa bado nampelekea mzee. Huko sijafika, na sijidanganyi.

Yule mama anaishi sasa hapa Bulambika na kijana wake, ambaye ameanza tena masomo. Anauza sombe sokoni. Kila nikipita ananisimamisha, anainama, anaangalia chini ya kiti changu kama polisi wa barabarani.

"Papa wa redio, sheni iko bien?"

Nashuka, naisukuma kwa kidole mbele yake, aone.